Nilimtangaza Yu Hai Siku Aliyozikwa

Mimi ndiye niliyewazuia wasomaji wasimzike mwandishi wao. Sikutumwa na mtu, na shetani simsingizii. Ni kiburi changu. Jina langu naliacha, kwani wanaonijua washanijua, na wasionijua halitawasaidia kitu.

Naishi Kisauni, nauza vitunguu kwa jumla soko la Kongowea. Ukiniona kati ya magunia yangu huwezi kudhani, lakini mimi ni msomaji wa kufa na kupona. Na mwandishi wangu alikuwa mmoja tu, mzee wa Likoni, ng'ambo ya feri, ambaye hapa nitamwita Maalim.

Aliandika juu ya watu kama sisi. Wapangaji, wajane, ndugu wanaogombania nyumba ya mama yao. Mama yangu alipougua ugonjwa uliomuondoa, nilikuwa nikimsomea vitabu vya Maalim kando ya kitanda. Jamani, mama alicheka na maumivu yake yote! Kwa hilo peke yake nilikuwa na deni kwa yule mzee ambalo nisingeweza kulilipa.

Basi nikaanzisha grupu la wasomaji wake kwenye simu. Humo mlikuwa na walimu, mafundi cherehani, madereva wa tuktuk, hata mabaharia walio mbali. Maalim mwenyewe hakuwamo, macho yalikuwa yamemchoka. Mimi ndiye niliyekuwa nikivuka feri kwenda kumtazama, na nikirudi nawapa wenzangu habari zake. Raha iliyoje! Nikajiona mimi ndiye mlango, asiyepita kwangu hamfikii Maalim.

Sasa sikilizeni kosa la kwanza, maana ndilo lililozaa la pili.

Mwaka juzi rafiki yangu alinipigia kwamba msikitini Likoni kumetangazwa kifo, akataja jina la Maalim. Sikuuliza ni yupi, mtoto wa nani. Nikatangaza pale pale. Sisi huku maiti hatumlazi. Mtu akifa alfajiri, adhuhuri tunamsalia, na alasiri keshafunikwa. Kwa hivyo ukisikia huna muda wa kuhojihoji, wavaa kanzu uende.

Watu wakaenda! Wengine walifika mlangoni washaanza kulia. Mara mlango ukafunguliwa, akatoka Maalim na kikoi chake, bakuli la mbaazi mkononi. Aliyekufa ni jirani wa mtaa wa pili, jina lake na la Maalim ni moja.

"Kumbe ndivyo mwanipenda hivi?" akasema. "Na mimi nikijiona mzee nisiye na watu! Haya, ingieni. Mahamri hayatoshi, tutagawana."

Alicheka mpaka akakohoa. Tulipokuwa tunaaga akanishika mkono, akaniambia polepole, "Leo nimewaona watakaonibeba. Sasa siogopi tena."

Maneno yale yalikuwa mazito. Maalim alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na kwetu mwanamke hafuati jeneza makaburini. Wa kiume hakuwa naye, ndugu zake walikuwa washatangulia. Alikuwa na sisi.

Mimi sikuyabeba maneno hayo. Nilichokibeba ni aibu. Wenzangu wakaniita Izraili, malaika mtoa roho! Kila nikiandika jambo, mmoja atauliza, "Izraili, leo zamu ya nani?" Nikicheka nao, huku ndani naungua. Nikaapa kwamba mimi tena sitafanywa kichekesho.

Mwaka huu, asubuhi moja, lori langu la vitunguu lilikuwa limeingia kutoka bara na mimi nawasimamia wapakuzi. Simu ikalia. Ni msichana mmoja wa Changamwe, Mgiriama, mkimya, hata sikumbuki kama alikuwa amewahi kuandika grupuni. Ameandika, "Poleni wapendwa. Maalim ametutoka alfajiri ya leo. Mazishi ni baada ya adhuhuri, nyumbani kwake Likoni."

Moyo ulinipiga paa! Nikapiga simu ya Maalim, imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa.

Mtu mwenye akili angeacha vitunguu vioze, akaondoka. Mimi nikasimama pale najiuliza mambo ya kipuuzi. Ati Maalim afe, msichana wa Changamwe ajue kabla yangu? Yeye nani? Alimtembelea lini?

Grupuni washaanza. "Admini, ni kweli?" Wote wananingoja mimi niseme. Halafu mmoja akaandika, "Izraili kapata mwanafunzi!" Wakacheka.

Hapo ndipo nilipoandika maneno ninayoyaona kila nikifumba macho. "Ni uzushi. Maalim yu hai. Nimezungumza naye sasa hivi."

Wallahi sikuzungumza naye! Simu ilikuwa imezimwa!

Yule msichana akaandika, "Kaka, nimeambiwa na binti yake mwenyewe. Tafadhali." Nikayafuta maneno yake. Nikamtoa. Kisha nikalifunga grupu, asiweze kuandika mtu ila mimi. Nikarudi kwa wapakuzi wangu nikijiona mwanamume niliyezima moto.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikasali pale sokoni, nikala, nikauza.

Alasiri ilipopita, simu yangu ikalia, namba siijui. Alikuwa binti wa Maalim.

"Asalaam aleikum, kaka. Mbona hamkuja?"

Nikakaa juu ya gunia. Nikauliza kwa ujinga, "Hatukuja wapi, dada?"

"Nilimwomba imamu angoje," akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nikamwambia wasomaji wa baba waja, ni wengi, wavuka feri. Akangoja. Watu wakaanza kunung'unika, mwamchelewesha maiti kwa nini? Mwisho wakambeba majirani. Walikuwa wachache, kaka. Wakapokezana wale wale mpaka makaburini."

Akaniambia simu ya baba yake ilikuwa imekufa na namba zetu zote zimo humo. Yule msichana wa Changamwe ana shangazi yake jirani yao, ndiyo maana akampa yeye kazi ya kutuarifu, na kwake ndiko alikoipata namba yangu.

"Alikuja peke yake, masikini," akasema. "Alikaa na sisi wanawake, akilia mpaka tukashindwa kumnyamazisha. Nikimuuliza wenzako wako wapi, hasemi."

Hakunisema! Nimemwita mzushi mbele ya watu wote, na hakunisema.

Nikalifungua grupu, nikaandika ukweli. Sitaki kurudia niliyoambiwa, yote nilistahili. Lakini moja siwezi kulimeza. Ni la mzee mmoja wa Miritini, mtu mpole.

"Mimi nilikuwa nishafika feri na kanzu yangu," aliandika. "Nikasoma maneno yako, nikamshukuru Mungu, nikageuza. Umenifanya nimshukuru Mungu huku rafiki yangu atiwa mchangani."

Akatoka grupuni. Wakatoka wengi nyuma yake. Waliobaki hawaandiki, nadhani wamesahau tu kutoka. Watu waliokuwa wakibishana usiku na mchana juu ya mwisho wa riwaya, leo hata kulia pamoja hatukuweza. Kila mmoja alimlilia Maalim kwake, na mimi ndiye niliyewatawanya.

Msichana wa Changamwe hapokei simu yangu. Nilimtuma mtu kumwombea radhi. Jibu lilikuwa kwamba yeye hana neno na mimi, ila asisikie sauti yangu.

Nikavuka kwenda Likoni. Nilitaka binti wa Maalim anifukuze, anitukane, angalau mzigo unipungue. Hakunitukana. Alinikaribisha kitako, akaniletea chai. Nikamweleza yote, uongo wangu neno kwa neno. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Siku zake za mwisho nilikuwa na wasiwasi," akasema. "Namwambia, baba, sisi ni wawili tu, nitafanyaje siku hiyo? Akinijibu, usijisumbue mwanangu, mimi n'na watu wangu. Mimi nakusamehe, kaka. Lakini aliyekuwa akiwangoja si mimi."

Chai sikuweza kuinywa. Nilipita makaburini, nikaomba dua, nikanena na mchanga kama mwehu. Nilirudi Kisauni na mzigo wangu vile vile nilivyokwenda nao. Vitabu vyake ninavyo vyote. Nikifungua kimoja nasoma mstari mmoja, nakifunga.

Kwa hivyo wewe unayesoma haya, nakusihi. Ukiletewa habari ya msiba wa mtu unayempenda, usikae kupima nani kaileta wala nani atakucheka. Usiseme umeongea na mtu ambaye hukuongea naye! Vaa viatu uende. Ikiwa ni uongo, utarudi nyumbani na miguu imekuuma, basi. Ikiwa ni kweli, utapata kumtia bega mtu wako. Mimi sikumtia bega, nikawanyima na wenzangu, na aliye kaburini humwendei ukamtaka radhi.