Karamu ya Kaf Isiyo na Chumvi

Thanwa alizaliwa Kaf, akaolewa Kaf, akafiwa na mume Kaf. Kijijini petu chumvi ndiyo shamba. Wanawake huteka maji makali visimani na kuyamwaga majarubani, ndani ya kingo za udongo, jua likayanywa, kisha wakakwangua ule weupe uliobaki na kuujaza magunia. Magunia yalipanda ngamia kwenda kaskazini, Haurani na kwenye milima ya Wadruzi, na ngamia wakarudi na ngano. Ndivyo tulivyokula, na hakuna aliyewahi kuuliza kaskazini ni kwa nani.

Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya majaruba yote, na hakuwa na subira na mtu mvivu. Bintiye wa pekee, Rifa, aliolewa na Mruwala, mtu wa mahema na ngamia, akahamia naye upande wa kaskazini. Kila chumvi ilipopelekwa, Thanwa alifuatana na msafara ili akamwone.

Kisha mkataba ukatiwa sahihi. Uliandikwa mbali sana kusini, chini ya hema, kati ya Waingereza na mfalme mpya wa Najd, na sisi tulipata habari pale liwali Musaid alipoingia Kaf na wapanda farasi na bendera. Mpiga mbiu akatangaza kwamba kijiji sasa ni cha mfalme, na mpaka uko kaskazini yetu, kwenye mawe meusi, ng'ambo yake ni kwa Waingereza.

"Nani kauza?" Thanwa akauliza mbele ya watu.

"Hakuna aliyeuza, mama," mpiga mbiu akajibu. "Wamekubaliana."

"Nani na nani?"

"Mfalme na Waingereza."

"Na mimi nilikuwa wapi wakikubaliana?"

"Wewe? Ulikuwa majarubani, mama!"

Watu wakaangua kicheko, lakini Thanwa hakucheka.

Rifa alikuwa na mimba. Siku zake zilipokaribia, Thanwa alipakia chumvi kama kawaida, akashika njia. Kwenye mawe meusi akakuta askari wa Waingereza. Wakamwambia hapiti mtu bila cheti cha liwali wake. Akarudi. Liwali akamwambia vyeti bado, mpaka azungumze kwanza na Mwingereza nani wa kuvitoa. Mvua ikanyesha, magunia yakalowa mlangoni kwa liwali, chumvi ikayeyuka na kutiririka uani kwake. Rifa alijifungua mtoto wa kike bila mama yake. Habari ililetwa na mchuuzi wa nguo, arubaini ikiwa imeshapita.

"Mjukuu wangu nasimuliwa," Thanwa alimwambia jirani yake Jauza, "kama nasimuliwa habari za Stambuli."

Baada ya hapo ndipo aliposikia kwamba Mwingereza anakuja Kaf. Kapteni mmoja angefika kwa motokaa azungumze na liwali juu ya mpaka, vyeti na ngamia walioibwa, na liwali ameagiza kondoo wachinjwe. Ulikuwa msimu wa mvua, majaruba yamejaa maji. Chumvi kavu ilikuwa ndani ya nyumba za watu tu. Thanwa akazunguka nyumba kwa nyumba.

"Asitoe mtu hata chembe," akawaambia wanawake.

"Watatuchapa, Mama Rifa," Jauza akasema.

"Watuchape. Wakimshika mgeni mkono juu ya chumvi yetu, watasema na sisi tumekubali. Wewe umekubali?"

Jioni ile Jauza akafukia gunia lake chini ya kuni.

Siku ya karamu mpishi wa liwali, mtu mnene aitwaye Faraji, alibisha kila mlango. Kwa Thanwa alifika ameshachoka.

"Chumvi, mama. Kidogo tu."

"Hakuna."

"Kaf hakuna chumvi? Mama, nidanganye kwa jingine!"

"Ilikuwepo. Nasikia siku hizi Kaf ina wenyewe. Kawaulize wao walipoiweka."

Faraji akakimbilia majarubani, akateka ndoo ya maji yale, akayamimina masufuriani. Kila mtoto wa Kaf angemwambia kwamba maji mabichi ya jaruba yana uchungu unaokaba koo. Sinia zikaja, nyama juu ya ngano iliyopondwa, samli ikimeremeta. Kapteni alitia tonge mdomoni, akaacha kutafuna. Akameza kwa taabu, akaomba maji. Liwali akaonja naye, na uso wake ukasawijika.

Faraji akamtaja Thanwa, naye akaitwa. Alikuja ameshika kiuno.

"Unamtia mfalme aibu mbele ya mgeni," liwali akamwambia.

"Mfalme simjui, na yeye hajanikosea. Aliyenifungia njia ni wewe. Aliyeniwekea askari ni huyu hapa."

"Watu hula chumvi pamoja wapate kuaminiana!"

"Mlikwisha kuaminiana kule hemani, na chumvi ya Kaf haikuwepo. Mnaitakia nini leo?"

Kapteni alijua Kiarabu, japo alikitamka kama mtu anayesoma. Akauliza kwa upole, "Mama, wewe ni raia wa nani?"

"Mimi ni mama yake Rifa. Rifa yuko upande wako, majaruba yangu yako upande wa huyu. Niambie wewe uliyechora mstari, mimi ni wa nani?"

Kapteni akatazama sinia. "Unataka tukufanyie nini?"

"Sikuja kuomba. Njia ile niliipita kabla hamjazaliwa, nyote wawili."

Akageuka, akaenda zake. Hakupigwa, kwa kuwa mgeni alikuwepo. Lakini motokaa ilipoondoka tu, liwali alimnyang'anya majaruba na kumkataza kuteka maji makali. Wanawake wakawa wanamwachia chumvi mlangoni, kila mmoja bakuli lake, la Jauza likiwa la kwanza.

Mvua zilipokwisha tulitangaziwa kwamba misafara ya chumvi ruhusa kupita, kwa cheti. Wengine wakachukua, na Thanwa hakuwalaumu. Yeye mwenyewe alikataa. Alimpakia punda, akaingia kwenye mawe meusi mahali pasipo njia. Askari wakamkamata, wakamrudisha. Akaenda tena, wakamrudisha tena, viatu vimechanika. Safari iliyofuata hakurudishwa.

Alimkuta mjukuu anatambaa. Rifa alilia, Thanwa akamfokea kwa nini mtoto hana kofia kwenye baridi ya usiku, kisha akalia na yeye.

Alikaa mahemani mpaka ngano ya Haurani ilipovunwa. Kisha akarudi Kaf mchana kweupe, kwa njia kuu, mbele ya askari walewale.

"Cheti, mama," mmoja akasema.

"Natoka kwa mwanangu, naenda kwangu. Cheti cha nini?"

Hakusimama. Askari akamtazama mwenzake, yule mwenzake akatazama pembeni.

Alikuta kingo za majaruba yake zimebomoka na mchanga umejaa. Siku ya pili akashika jembe. Liwali alipotuma mtu kumkumbusha kwamba amekatazwa, mtu huyo alimkuta yumo ndani ya maji hadi magotini, anashindilia udongo, na alisema alichotumwa mpaka mwisho bila Thanwa kuinua kichwa.