Mkono wa Kushoto wa Mzee Mmanga

Mtu wa Mtambile ukimuuliza habari za Mmanga Ridha atakuanzia na baiskeli. Miaka thelathini na mbili alikuwa fundi hapo njia panda, kwenye kibanda cha mabati. Ukimpelekea baiskeli aliizunguka mara moja, akagonga ringi kwa spana, akakwambia cha kubaki na cha kutupwa. Maneno ya kumpoza mtu hakuwa nayo. Kuna bwana mmoja aliyenunua baiskeli Chake Chake akaja nayo kwa mbwembwe, na mkewe amekaa nyuma. Mmanga akamwambia hiyo ilimfaa zaidi kuanikia muhogo. Yule bwana alinuna wiki nzima, kisha akarudi, kwa sababu mnyororo ulikatika pale pale Mmanga alipomwonesha.

Mimi nitaanzia kwenye karata, maana huko ndiko nilikomjua. Naitwa Abrahman, karani mstaafu wa skuli, na mke wa Mmanga, Ummkulthum, ni binamu yangu. Baada ya sala ya alasiri tulikuwa tukikaa wanne barazani kwake, tukicheza turufu mpaka inakaribia magharibi. Hatukuwekeana hata andazi. Aliyefungwa aliinuka akaenda kuchota maji ya kunywa, basi. Mmanga hakuchota maji hayo mara nyingi. Alikumbuka kila karata iliyotoka, na ukicheza ovyo alikusema mbele za watu. "Abrahman," alikuwa akiniambia, "we kusoma umesomea ukarani, karata hujasomea." Nilikuwa nakasirika kweli kweli, na kesho yake nilikuwa wa kwanza kufika.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na ulimi ukafunga. Akili ilibaki nzima, hilo tulilijua kwa macho yake, ila hakuwa na njia ya kuitoa. Alilazwa ukumbini, karibu na dirisha, na watu wakaanza kusema naye kwa sauti ile ya kubembelezea vichanga. "Mzee wetu hajambo leeeo?" Mtu aliyezoea kuwaambia wenzake ukweli mkavu, sasa anapigiwa makofi kwa kumeza uji.

Mwezi wa pili wa maradhi tukaona tumpe raha yake. Tukaenda sisi watatu, na yeye wa nne kama zamani, tukatandika kitambaa kitandani, tukamgawia karata zake, akazishika kwa mkono wa kushoto. Mchezo ukaenda. Ikafika zamu yangu, na mkononi nina ree ya turufu, karata inayozifunga zote. Nikiiweka, kafungwa. Nikamtazama midomo ilivyopinda, nikaweka karata ndogo. Wenzangu nao walikuwa wanafanya hivyo hivyo, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Akashinda. Tukashangilia kama watu waliorogwa.

Mmanga alinitazama. Ile ree aliijua iko kwangu, kwa sababu aliihesabu kama alivyohesabu siku zote. Akapeleka mkono taratibu, akazisukuma karata zote mpaka chini sakafuni. Tangu siku ile, ukimkaribia na karata alifumba macho. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, wala sikumwambia mtu.

Basi hapo akaingia mwalimu Konsolata. Huyu ni mtu wa Bukoba, anafundisha hisabati skuli ya hapa, na amepanga chumba nyumba ya jirani mwaka wa nne sasa. Jumapili anakwenda kanisani kwake Chake, siku nyingine akimaliza kusahihisha madaftari huja kumsaidia Ummkulthum kumgeuza mgonjwa. Alikuwa na mchezo kwenye simu yake ambao hata mimi niliudhania kamari nilipouona. Poka, lakini unacheza na mashine peke yako. Inakupa karata tano. Unachagua za kushika, nyingine unatupa, inakupa badala yake, na hapo mkono, yaani mchezo mmoja, umekwisha. Ukipata jozi kubwa au zaidi inakuongeza pointi, ukikosa inakupunguza. Pointi zikiisha inakupa mia mbili nyingine na kukuambia karibu tena. Senti haiingii wala haitoki.

Nilimuuliza anapata nini humo, mtu mwenye digrii. Akacheka. "Mzee Abrahman, mimi tangu asubuhi naamua mambo ya watu. Nani afukuzwe darasani, nani aitiwe mzazi, nani apewe maksi moja ya kumvusha. Na kila nililoamua linanifuata hadi nyumbani. Hapa naamua, nakosea, na karata nyingine zinakuja. Hakuna aliyeumia." Kisha akaongeza kwamba watu wanadhani ni bahati tupu, kumbe bahati ni karata unazopewa, na kuchagua ni kwako. Nilimwona anatetea upuuzi kwa maneno mazuri. Walimu wanajua kusema.

Ummkulthum akamwomba amwekee na yeye kwenye simu yake. Kumwangalia mgonjwa ni kazi ya kukaa, na kukaa kunachosha kuliko kulima. Akawa anacheza pembeni ya kitanda. Karata hazijui hata kidogo, alikuwa anashika zile zenye picha nzuri. Siku moja kapewa karata nne zilizofanana mbili mbili, yaani jozi mbili, na malkia mmoja asiyehusu kitu, na yeye anataka kuzitupa zote abaki na huyo malkia peke yake kwa sababu ni mwanamke mwenzake. Akasikia ubao wa kitanda unagongwa. Ko-ko. Akageuka. Mmanga kakazia macho simu, na kidole cha mkono wa kushoto bado kiko juu ya ubao.

"Nisitupe?" akauliza.

Ko, mara moja.

Akaanza kupitisha kidole juu ya karata moja moja, na mumewe anagonga. Mara moja shika, mara mbili tupa. Ikaja karata iliyofanana na jozi mojawapo, zikawa tatu na mbili, na mashine ikapiga muziki. Ummkulthum alinihadithia jioni ile ile huku analia na kucheka. "Kaka, yuno kasema na mie! Kanambia sijui kucheza!"

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Kila alasiri walicheza mikono thelathini, arubaini. Mmanga aligonga kwa nguvu mkewe akichelewa, aligonga kwa hasira akibishiwa, na walipofungwa alitazama dari kama mtu anayefikiria kosa lilikuwa wapi. Uji akawa anakunywa wote. Mimi nilikaa pale nikitazama, na siku moja nikaelewa jambo ambalo lilinichoma: walifungwa mara nyingi, na yeye hakujali kufungwa. Mashine haikujua kuwa anaumwa. Ilimpa karata mbovu kama inavyompa mtu yeyote, na ikimpa nzuri alijua ni nzuri za kweli.

Tatizo likawa Jabir. Huyu ndiye mtoto wao wa pekee, mwajiriwa wa ofisi huko Wete, kijana wa msikiti, mwenye adabu, na dawa zote za baba yake ananunua yeye. Sina baya la kumsema, ingawa kwa siku nne nilikuwa nalo. Alikuja Alkhamisi moja bila kupiga simu, akamkuta mama yake na karata kwenye kioo na baba yake anagonga.

"Mama, hii si kamari hii?"

"Si kamari, mwanangu. Hamna pesa. Baba'ako anapenda."

"Anapenda! Mama, baba yuko katika hali hii, badala ya kumsomea Yasini tunamchezesha poka? Akija mwenye kuja kumchukua, amkute na nini mkononi?"

Alisema kwa upole, hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Angepiga kelele Ummkulthum angemjibu. Akachukua simu, akaufuta mchezo, akambusu mama yake kichwani, akakaa kumsomea baba yake mpaka magharibi. Mmanga aligonga ubao mara mbili. Halafu tena mara mbili. Jabir akadhani anataka mto unyanyuliwe.

Siku ya pili Mmanga hakufungua mdomo. Si kwamba alitapika au alikuwa na homa. Kijiko kikija aliubana mdomo tu na kutazama dirishani. Siku ya tatu vile vile, maji kidogo ya kulowesha ulimi. Daktari wa kituo cha afya akaja, akampima, akasema haoni jipya, ila kwa mwili ule akiendelea hivyo wiki haimalizi. Ummkulthum akamwendea Konsolata aurejeshe mchezo. Konsolata akakataa, macho mekundu. "Bi Ummkulthum, mimi mgeni hapa, na dini yenu siijui vya kutosha. Jabir ameshasema. Siwezi kumpita mtoto wenu." Mimi nilishika simu mara tatu nimpigie Jabir nimpe vidonge vyake, na mara tatu niliiweka, maana nilijua kitakachoulizwa: kwa nini msimchezeshe karata za kawaida? Na jibu lake lilikuwa mimi.

Jumatatu Jabir akaja mbio, kaomba ruhusa kazini. Akajaribu kumlisha mwenyewe. "Baba, kijiko kimoja tu. Kwa ajili yangu." Mdomo umebanwa. Akaweka bakuli chini, akatoka nje, akarudi na pakiti mpya ya karata aliyoinunua dukani. Nadhani alishindana na nafsi yake njia nzima. "Karata za barazani hajawahi mtu kusema kitu," alinieleza, kana kwamba mimi ndiye kadhi. "Mjomba, tumchezeshe."

Tukacheza watatu. Mmanga alikuwa amefumba macho, lakini karata zilipowekwa mkononi mwake aliyafumbua, kwa sababu ya mwanawe. Mizunguko miwili ikapita. Wa tatu nikamwona Jabir anachomoa mfalme, anamtazama baba yake, anamrudisha, anaweka tano. Mmanga akafungua vidole, karata zikamwagika kifuani mwake. Macho yakafumba tena.

Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Unamwachia," nikasema.

"Mjomba, mgonjwa..."

"Hata mie nlimwachia! Nlikuwa na ree nkaificha, wote tulimwachia, na aliona! Yuno ntu hajawahi kuachiwa maisha yake. Kila anoingia humu anamwonea huruma, mie, weye, daktari. Kile kidude cha mwalimu ndicho peke yake kisichomwonea huruma. Ukakifuta."

Jabir akainuka. Adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa, akaenda msikitini. Alichelewa kurudi. Baadaye nilijua kwamba alipotoka alisimama mlangoni kwa Konsolata, akamuuliza swali moja tu, pesa zinaingilia wapi. Konsolata akamfungulia mchezo, akampitisha kila kona kama anayekaguliwa. Jabir akatazama muda mrefu, akampa simu ya mama yake, aliyokuwa ameichukua alipotoka nyumbani. "Niwekee, mwalimu."

Akaingia ukumbini, akavuta kigoda, akamwekea baba yake kioo mbele ya uso. Mmanga alifumbua jicho moja, kisha la pili. Ummkulthum alikuwa jikoni anachemsha uji ambao hakutarajia utaliwa. Mimi nilikaa pembeni.

Karata zikaja. Mfalme wa kopa, mfalme wa pau, tisa ya kopa, nne ya kopa, mbili ya kopa. Jabir akapitisha kidole kama alivyoelekezwa. Kwa wafalme wawili, ko, ko, kila mmoja mara moja. Tatu zilizobaki, mara mbili mbili. Shika wafalme, tupa nyingine.

Jabir akakunja uso. Yeye pia ana damu ya baba yake. "Lakini kopa ziko nne, Baba. Nikipata ya tano zote zinakuwa rangi moja, pointi nyingi zaidi." Akagongewa tena, kwa nguvu. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hapa umekosea." Akashika kopa nne, akamtupa mfalme wa pau, akabonyeza.

Ikaja saba ya shupaza. Rangi moja hakuna, jozi ya wafalme imeshavunjwa, na pointi zikapungua.

Kwanza nilidhani anapaliwa. Ilikuwa sauti ya ajabu, inatoka puani na upande mmoja wa mdomo, kifua kinaruka, machozi yanamtiririka. Ummkulthum akasikia kule jikoni, akaja mbio na upawa mkononi, uji unadondoka njia nzima, akipiga kelele, "Anakufa! Mwinueni, anakufa!" Hakuwa anakufa. Mmanga alikuwa anamcheka mwanawe, na ule mkono wa kushoto unamwonesha mfalme wa pau asiyekuwepo tena.

Na Jabir alikuwa amekasirika. Si kwa kuigiza. Masikio yamekuwa mekundu, kamsogelea baba yake uso kwa uso na anapaza sauti kama mtu anayebishana njia panda. "Kopa nne, Baba! Ntu anaachaje kopa nne? Ilikuwa bahati tu! Lete nyingine, lete nyingine tuone!"

Ummkulthum akajiachia chini pale pale mlangoni, na upawa wake, akalia kwa sauti. Hakuna aliyemgeukia, maana baba na mwana walikuwa hawajamaliza kugombana.