Meno ya Mwalimu wa Chuo

Wiki ya kwanza ya mafunzo hatukugusa mdomo wa mtu. Tulikaa ghorofani katika kliniki moja ya meno ya Mji Mkongwe, wasichana watano na mvulana mmoja, tukifundishwa kunawa mikono. Mimi nilijiona nimedhulumiwa. Nimeamka Chukwani alfajiri, nimelipiga pasi koti jeupe mpaka likakaribia kusimama lenyewe, halafu naambiwa nisugue kati ya vidole kama mtoto wa chekechea. Nilikuwa na kiburi, na hilo nalisema mwenyewe kabla hajalisema mwingine.

Mkufunzi wetu alikuwa mama wa makamo aliyeanza kazi ya kumsaidia daktari wa meno kabla wengi wetu hatujazaliwa. Alitufundisha kuyahesabu meno kwa robo nne za kinywa, kumpitishia daktari sindano chini ya kidevu ili mgonjwa asiione, na kushika mpira wa kunyonya mate bila kumpalia mtu. Mgonjwa akibana midomo kwa woga, alimwambia kwa upole kwamba mficha uchi hazai, na kinywa kikafunguka. Alikuwa na kanuni nyingi, lakini moja aliirudia kila siku: meno ya bandia yakitoka kinywani yanaingia kwenye bakuli la maji, bakuli linaandikwa jina la mgonjwa, na bakuli halikai pamoja na vifaa vya daktari. Mwanafunzi atakayepoteza kitu cha mgonjwa, alisema bila kupandisha sauti, atavua koti siku hiyo hiyo. Hakuwa akitutisha. Mwezi wa pili yule mvulana alipoteza picha ya eksirei ya mtu, na hatukumwona tena.

Daktari alikuwa ameshasema kwamba mafunzo yakiisha atabakiza mmoja wetu kazini. Kila mtu alijua ni nani. Nilikuwa mwepesi wa mkono, trei yangu ikisafishika wakati wenzangu bado wanatafuta glavu. Nyumbani mama alikuwa akiwaambia majirani kuwa mwanawe ni daktari, nami sikumsahihisha.

Bibi yule alikuja mwezi wa nne, asubuhi. Alikuwa mwembamba, amevaa baibui na mtandio wa rangi ya maziwa, ananukia udi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwuliza jino linamuuma tangu lini.

"Tangu Jumatatu. Lakini mie siwezi kulala ndani. N'na chuo changu cha Kurani hapo Kikwajuni, na watoto washafika kwenye herufi ngumu."

Akanieleza, maana mwalimu ni mwalimu hata kwenye kiti cha meno. Thaa na dhali hazitoki mpaka ncha ya ulimi iguse makali ya meno ya juu. Ya kwake ya juu yote yalikuwa ya bandia. Akayagonga kwa ukucha.

"Bila ya haya n'tawasomesha nini, mwanangu? Upepo?"

Tukacheka wote wawili. Jino bovu lilikuwa gego la chini, la mwisho lililobaki upande ule, na daktari, kwa kutazama picha ya eksirei tu, aliamua kuling'oa. Nikamwambia bibi avue yale ya juu. Alisubiri daktari ageuke, akavuta ncha ya mtandio kuziba mdomo, akayatoa, akayaviringisha kwenye tishu mbili na kunitia mkononi. Mashavu yalikuwa yameshaingia ndani. Akasema, "Nistiri."

Bakuli lilikuwa kwenye sinki, limegandiwa na plasta ya kupimia meno ya mgonjwa aliyetangulia. Kulisugua kungenichukua dakika mbili, na daktari ameshanyoosha mkono anataka sindano ya ganzi. Nikaweka lile furushi la tishu pembeni mwa trei ya vifaa. Nilijiambia nitaliondoa sasa hivi.

Jino lilikuwa gumu kutoka. Damu ilikuwa nyingi, pamba na tishu zikajaa kwenye trei. Lilipotoka, bibi akang'atishwa pamba na kuambiwa asifungue mdomo kwa nusu saa, nami nikamwongoza mpaka kwenye benchi la nje. Kisha nikarudi kufanya nilichokuwa nikisifiwa: nikatoa vyuma, na vyote vilivyobaki nikavikomba kwa mkupuo mmoja mpaka kwenye mfuko mwekundu wa taka za damu.

Nilikumbuka wakati naliosha lile bakuli. Nilikuwa nimelishika mikononi, safi, tupu. Nikashuka ngazi mbio. Mfuko ulikuwa umeshapelekwa kuchomwa, na mfanyakazi alikuwa anarudi na ndoo, ananiuliza nimesahau nini. Nikamwambia sijasahau kitu.

Nilipopanda juu, binti wa bibi alikuwa ameshafika kumchukua. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, ametoka kazini, mkoba bado begani. Bibi alikuwa amesimama, pamba mdomoni, nusu ya uso imekufa ganzi, anaonyesha kidole kwenye midomo yake. Mkufunzi akanigeukia.

"Bibi alikuja na meno ya bandia?"

Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema ndiyo. Ningeweza hata kulia kwanza.

"Sikuyaona, mwalimu."

Bibi akatikisa kichwa. Akaonyesha mdomo, akaonyesha mkono wangu, sauti ikatoka puani tu, kwa kuwa tulimwambia sisi wenyewe asifungue mdomo. Binti yake akamshika bega kwa huruma.

"Mama, utakuwa umeyaacha nyumbani. Si juzi tu uliacha ufunguo mlangoni?"

Mkufunzi akasema tutazame karatasi ya mgonjwa. Kulikuwa na mstari wa kujaza kama mtu ana meno ya bandia, na mimi sikuwa nimeujaza bado. Nikawahi mezani kabla yake, nikawapa mgongo, nikaandika: hana. Kisha nikampa karatasi, akaisoma, akamwonyesha binti. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Bibi aliacha kuonyesha kidole. Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi anayejua jibu na hasemi, akanisubiri, kisha binti yake akamwongoza kwenda chini.

Aliporudi baada ya wiki moja kuangaliwa kidonda, binti ndiye aliyezungumza. Wamepindua nyumba nzima, magodoro, kabati, mpaka pipa la mchele. Akamvuta daktari kando, lakini si mbali, akamwuliza kama kuna dawa ya kusahau. Daktari akasema meno mengine yatatengenezwa, ya juu na ya chini pamoja, ila lazima fizi ifunge kwanza, na hiyo ni miezi. Mimi nilimshikia bibi kioo kinywani. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na nalionea aibu hilo kuliko mengi mengine.

Nikaanza kupita Kikwajuni baada ya darasa, nikijidai nakwenda kula mbatata za urojo kwa mama aliyekuwa akiuza mkabala na nyumba ya bibi. Mara ya kwanza viatu vya watoto vilijaa mlangoni na sauti zikatoka dirishani. Watoto hushika wanachokisikia. Palipotakiwa thaa wakasoma saa, palipotakiwa dhali wakasoma zali, wote pamoja, kwa bidii. Nikaacha bakuli langu nusu. Mwezi uliofuata nilihesabu jozi sita. Nikamwuliza muuzaji, nikijifanya mdaku tu.

"Wazee wanawahamisha watoto wao," akasema. "Bibi wa watu kaanza kupotewa na akili. Meno yake mwenyewe hajui kayaweka wapi. Mwanawe hata jiko la gesi kamzuia kuliwasha."

Hapo ningeweza kuvuka njia. Ilikuwa hatua kumi. Nililipa, nikaenda zangu nyumbani nikiwa na hasira na yule binti, eti kwa nini anamdhania mama yake vibaya. Mtu akiwa na aibu hutafuta wa kumkasirikia. Husemwa njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwangu ilinifikisha mpaka kwenye mtihani, kwenye cheti, na kwenye kazi ya majaribio ya miezi sita katika kliniki ile ile. Mkufunzi alinikumbatia. Akasema katika kundi letu mimi ndiye pekee ambaye hakumtia wasiwasi.

Meno mapya yalipokuwa tayari nilikuwa nimeshamaliza miezi mitatu kazini. Mimi ndiye niliyempelekea bibi, ndani ya bakuli la maji, limeandikwa jina lake. Akayavaa. Akajitazama kwenye kioo, akasema thaa kwa sauti ndogo, kisha dhali. Zilitoka safi. Daktari akafurahi, akamwambia sasa arudi kusomesha.

"Alhamdulillahi," bibi akasema. "Lakini watoto wenyewe washaondoka."

Ijumaa ile, baada ya sala, nilipiga hodi nyumbani kwake. Chumba cha chuo kilikuwa na jamvi moja limekunjwa ukutani. Nikakaa chini mbele yake, nikamwambia yote: tishu, trei, mfuko, karatasi. Nilipomaliza alifunga macho kidogo, midomo inacheza, na nilipoona hivyo ndipo nikafahamu kwamba hata yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuamini kuwa akili yake inampotea.

"Mwite mwanangu," akasema. "Mwambie kama ulivyoniambia mie."

Binti akaja anafuta mikono. Nikarudia, nikitazama jamvi. Nilitarajia kutukanwa, na nilikuwa nimejiandaa. Nadhani nilikuwa nikiyataka matusi. Badala yake macho yake yakalowa, akanishika mkono.

"Mungu akuzidishie. Umekuja kumliwaza mama."

"Si kumliwaza. Ndivyo ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyeandika hana."

"Najua, mdogo wangu. Najua," akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia mama yake habari za ufunguo. "Karatasi ya kliniki niliiona kwa macho yangu. Wewe una moyo mzuri. Wengine hata salamu hawaji kumpa."

Akaenda jikoni kunifungia mkate wa ufuta. Nilikuwa nimekwenda kuuvua uchafu, na sasa nilishukuriwa kwa huo huo. Sijawahi kujiona mnyonge kama nilivyojiona pale nilipokaa.

Bibi akavuta daftari la chuo lililoachwa na mtoto, akalifungua ukurasa mweupe na kunipa kalamu.

"Andika. Yeye anaamini karatasi."

Nikaandika. Sikuacha kitu, wala sikujipendelea. Bibi akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kidole chini ya kila neno. Alipofika mwisho akarudi juu kidogo, akashuka tena.

"Jina lako liko wapi?"

Chini nilikuwa nimeandika: msaidizi wa kliniki.

Nikamwambia karatasi ikiwa na jina inaweza kufika kwa mkufunzi. Nikamwambia imebaki miezi mitatu tu ya majaribio, mama yangu ananitegemea, na siku nitakayothibitishwa kazini nitakuja kulitia jina mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya binti yake. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

Kisha akaung'oa ule ukurasa polepole ili usichanike, akaukunja mara mbili na kuniwekea kiganjani.

"Chukua, mwanangu. Hii haina mwenyewe."

Binti akarudi na mkate umefungwa kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka mlangoni, akaniombea dua. Niliitikia amina.

Majaribio yalikwisha mwaka jana na nilithibitishwa kazini. Sijarudi Kikwajuni.