Bega Nililomficha Mama Mkwe

Bega langu la kulia lilichomoka mara ya kwanza nikiwa chuo cha ualimu, katika mechi ya mpira wa pete. Niliruka kuzuia mpira, mwenzangu akauangukia mkono wangu. Daktari alilirudisha, akanifunga mkono na kuniambia nipumzike wiki sita. Nilipumzika mbili tu. Fainali ilikuwa karibu.

Tangu hapo halikutulia. Lilichomoka nikianika nguo nyumbani Mkolani, Mwanza, likachomoka tena nikiandika sehemu ya juu ya ubao darasani. Mume wangu alijua, lakini nilimwomba asimwambie mama yake aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe. Sikutaka aone mwanawe kaoa mke asiyeweza kubeba ndoo.

Mwaka jana nilimpeleka binti yetu wa miezi minane akamwone bibi yake. Tulipokuwa tunashuka kwenye kivuko, nimembeba kwa mkono wa kushoto, abiria mwenye gunia alinisukuma kwa nyuma. Nikadaka chuma cha ngazi kwa mkono wa kulia, na bega likatoka.

Mkono ulikufa ganzi. Kati ya kivuko na gati maji yalikuwa yakipanda na kushuka, na mtoto alianza kuteleza kiunoni mwangu. Nilimbana kwa kiwiko, nikaegemea chuma. Watu nyuma walifoka nisogee. Sikuthubutu hata hatua moja. Mama mkwe alikuwa gatini, ananipungia mkono.

"Shikamoo mama," nilisema. "Njoo umchukue mtoto. Bega limetoka."

Alipanda ngazi akiwapangua watu, akamchukua.

"Limeshatoka mara ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu."

"Na mwanangu anajua?"

"Anajua."

Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga yake, akanishika kiuno, tukaenda hospitali.

Jioni, bega limesharudishwa, alisema taratibu, "Ungemwangusha mjukuu wangu kwa sababu ya aibu."

Tulirudi naye Mwanza. Nilipofanyiwa upasuaji wa bega alikaa nasi miezi mitatu, akipika, akimwogesha mtoto, akinisimamia mazoezi hata nilipolia. Halijatoka tena, ingawa mpira nimeacha. Siku anaondoka aliniambia jambo moja tu: nisimfundishe tena mwanawe kumficha mama yake.