Roshani ya Hai Jalaba

Miaka ile ya uhuru wa Sudan Kusini, watu wa Juba waliniuliza swali moja tu: naweza kuongeza ghorofa ngapi? Waliniuliza kanisani, sokoni, hata msibani, mtu ameshika sahani ya wali mkononi. Nilikuwa nimerudi kutoka Kenya, nilikolelewa ukimbizini na kusomea uhandisi wa majengo, na habari kwamba kuna injinia anakaa mtaa wa Munuki ilienea haraka. Karibu kila mwenye nyumba alikuwa ameacha nondo zikichomoza juu ya paa, tayari kwa ghorofa ya mwaka ujao. Nami nilikuwa mkali. Nikiuliza msingi una kina gani, nikajibiwa kwamba fundi ni mtu wa kuaminika, nilichukua kofia yangu nikaondoka.

Vita vilipolipuka mjini, Desemba ile, maswali yakabadilika. Sasa waliniuliza chumba kipi ni imara zaidi. Ukuta wa matofali unazuia risasi? Watoto tuwalaze upande gani? Hakuna mwalimu aliyenifundisha hayo. Nilijibu kadiri nilivyoweza, kisha nikakaa na hofu juu ya kila niliyemjibu.

Wenyeji wenyewe walikuwa wamejifunza jambo moja bila msaada wangu. Risasi inayopigwa juu hurudi chini, na bati halizuii kitu. Kwa hiyo milio ikianza, mtaa mzima ulikimbilia chini ya zege. Ilikuwa desturi, kama kuvua kofia jeneza likipita. Hakuna aliyeuliza zege lenyewe likoje. Na katika barabara moja ya mtaa wa Hai Jalaba, kati ya maduka ya mabati, zege lililotokeza nje lilikuwa moja tu. Lilikuwa roshani ya jengo la ghorofa lililojengwa mbiombio kabla ya uhuru, na chini yake mama mmoja wa Uganda alikuwa akikaanga chapati.

Nilikuwa mteja wake wa kila siku. Alikuwa na sauti ya kusikika hadi barabara ya pili, na utani usioisha.

“Injinia, wewe unakula chapati kama mtu wa kukagua,” aliniambia. “Kula tu, haina nondo.”

Asubuhi moja niliinua macho nikitafuna, na hamu ya kula ikaniisha. Juu ya roshani, pembezoni kabisa, palikuwa pamepangwa magunia ya mchanga hadi kimo cha kiuno. Kwa chini plasta ilikuwa imebanduka, na nondo zilionekana zimeshika kutu.

Nilipanda ngazi. Aliyekaa juu alikuwa karani mmoja, mtu mpole, na watoto wake. Alinionyesha dirisha. Risasi ilikuwa imepita hapo na kutoboa ukuta juu kidogo ya godoro walilolalia watoto. Siku hiyo hiyo alianza kupandisha mchanga. Nilitoka kwenye roshani nikainama pale inapokutana na ukuta, nikaona ufa umekwenda kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikachimba kidogo na patasi. Upande wa juu haukuwa na nondo hata moja.

Nyosha mkono wako mbele, ushike ndoo ya maji. Panapouma ni juu, begani. Roshani nayo huumia hapo hapo, kwa hiyo nondo zake lazima zikae juu. Hizi zilikuwa chini. Bila shaka zilipangwa vizuri, kisha siku ya kumwaga zege vibarua wakazikanyaga kwa haraka zao, na hakuna aliyeziinua. Hilo peke yake roshani ingelivumilia kwa miaka. Lakini mchanga ulikuwa umewekwa nchani kabisa, mahali pabaya kuliko pote.

“Hamishia magunia ndani,” nilimwambia karani. “Yapange chini ya dirisha, juu ya ukuta wa duka lililo chini. Yatazuia risasi vile vile, na ukuta utabeba.”

Akanionyesha chumba. Godoro lilijaza sakafu yote.

“Ya injinia,” aliniita kwa Kiarabu cha Juba, “nikileta ndani, watoto wanalala wapi? Nikitoa, risasi inaingia. Wewe utasimama kwa dirisha badala yao?”

Nilimtafuta mwenye jengo. Alikuwa amekimbilia nje ya nchi na simu yake haikupatikana. Nikanunua miti ya mkaratusi kwa fedha zangu, nikaiegemeza chini ya roshani kama nguzo za muda. Mkaa ulipoadimika mjini, miti ile ikaanza kupungua. Hakuna aliyekiri. Chapati za wiki ile zilinukia mkaratusi.

Nikamkabili yule mama. Nilimwambia wazi kwamba roshani itaanguka, na kwamba mvua zikianza itakuwa mbaya zaidi, maana mchanga ukilowa huongezeka uzito, na magunia yalikuwa yameziba tundu la kutolea maji.

“Nihame niende wapi?” aliuliza. Utani wote ulikuwa umemtoka. “Kule kwa mabati? Wewe unaogopa hii nyumba. Mimi naogopa ile kitu iko kwa barabara.”

“Basi toa hata mabenchi.”

“Na watu wakae wapi, Injinia?”

Siku chache baadaye, kabla ya saa sita mchana, askari waligombana njia panda. Mlio wa kwanza ulipopigwa, barabara nzima ilimiminika chini ya roshani: wauza maji, mama wenye watoto mgongoni, madereva wa boda boda. Mimi nilisimama katikati ya barabara nikipunga mikono na kupiga kelele watoke. Nadhani waliniona mwendawazimu. Kitu kikapiga bati la duka la jirani, tang, kisha kingine karibu zaidi. Yule mama aliita kwa sauti yake yote, “Injinia, ingia!”

Nikaingia. Nilijua kilichokuwa juu ya kichwa changu kuliko mtu yeyote pale, na nikaingia. Nilijibana ukutani katikati ya jasho la watu, nikizitazama zile nondo zenye kutu juu yangu, hadi milio ikanyamaza. Roshani ilikaa. Watu wakajipukuta vumbi, wakacheka kicheko kile cha waliopona, wakaenda zao.

Tangu siku hiyo maneno yangu hayakuwa na uzito kwa yule mama. Nikianza tu kusema, alinikata. “Si uliingia? Kama ni mbaya, kwa nini uliingia?” Wateja wapya alikuwa akiwaambia wakae bila wasiwasi, hata injinia mwenyewe alijificha hapo. Akaongeza benchi. Huko juu karani, aliyetishwa na milio ile, akaongeza magunia. Nilikuwa napita kila siku kuitazama roshani.

Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri, nzito, ya ghafla. Nilikuwa njiani kuelekea huko. Nilipofika, mabenchi yalikuwa yamejaa watu waliokimbia kulowa, na wengine wamesimama na sahani zao. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye kingo za roshani, ya rangi ya mchanga.

Safari hii sikuingia. Nilisimama barabarani, maji yakinifika kwenye vifundo vya miguu, nikawaita. Nilimwita na mama wa chapati. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Walinitazama. Mmoja alininyanyulia kikombe cha chai kunikaribisha.

Yule mama akashika kiuno, akatikisa kichwa. Akajifunika gunia tupu la unga kichwani, akatoka kwenye mvua akinijia, akinigombeza kama mama anavyogombeza mtoto. Nitaugua malaria, alisema. Nimekuwaje mimi? Akanishika mkono kwa nguvu ili anivute ndani.

Sauti ya roshani ikianguka haikuwa kubwa kama nilivyotazamia. Ilikuwa kama ya lori linalomwaga kokoto. Roshani iling'oka ukutani ikiwa nzima, pamoja na magunia yake, ikakaa chini pale palipokuwa na mabenchi. Juu, karani alisimama kwenye mlango uliofunguka hewani, amemshika mtoto mmoja.

Tulikimbia tukaanza kuchimba kwa mikono. Watu walitoka kwenye maduka yote kusaidia. Mchanga ulikuwa mzito kama udongo wa kaburi, na kila gunia lililotolewa lilifuatwa na jingine. Yule mama alichimba bila kulia hadi kucha zikatoka damu. Kisha akaketi kwenye tope, akanitazama.

“Mimi ndiye niliwaambia iko imara,” alisema. “Niliwaambia hata wewe uliingia.”