Tone la Mafuta ya Mashine

Adalbert hushona kwenye baraza la nyumba ya marehemu baba yake, mtaa wa Bel-Air, na kila kitu chake kinachoteleza hupata tone moja la mafuta. Mkasi, sindano, zipu inayokwama, hata bawaba za mlango. Babu yake alikuja kutoka kaskazini kufanya kazi ya reli, akapaka mafuta magurudumu. Baba yake alipaka mashine za mgodini. Yeye, kwa miaka yake thelathini na minane, hushika kikopo kidogo chenye mdomo mrefu na kuamini kwamba kitu kikavu ndicho kinachokatika.

Ndiyo maana, Jumamosi ile alasiri, mvua ikipiga mabati, alipaka hata kondomu.

Mwanamke aliyekuwa naye anaitwa Chileshe. Huuza samaki wakavu anaowaleta kwa lori kutoka Pweto, kando ya ziwa, na kila anaporudi huingia barazani akinukia moshi na maji ya mbali. Walikuwa pamoja miezi minane. Adalbert hajawahi kufika Pweto, lakini kwa masimulizi ya Chileshe alikuwa na ziwa lake mwenyewe kichwani, jeupe asubuhi, lisilo na ng'ambo. Akishona kitambaa kirefu cha buluu, kikipita polepole chini ya sindano, alihisi kwamba yeye ndiye anayesafiri.

Kondomu ilipasuka. Chileshe alicheka kidogo.

"Bon, ukiniachia mutoto, utamushonea nguo zote weye mwenyewe."

Kisha akasinzia, mkono wake ukiwa juu ya kifua cha Adalbert. Adalbert alibaki macho, akisikiliza mvua.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Mwaka uliotangulia, kabla hawajajuana, alikuwa na uhusiano na mama mmoja aliyeuza chakula kule Kasapa, karibu na chuo kikuu, na hawakutumia kinga yoyote. Wiki chache baadaye alitokwa na kidonda kidogo kisichouma sehemu za siri. Kikapona chenyewe. Hakwenda kupima. Alipompata Chileshe alianza kutumia kondomu kila mara, naye Chileshe alimsifu kwa marafiki zake kwamba ni mwanaume mwangalifu. Lakini kwa Adalbert kondomu ilikuwa njia ya kutosema. Sasa njia hiyo ilikuwa imepasuka.

Jumapili aliishi kama mtu aliye chini ya maji. Kanisani nyimbo zilimfikia kutoka mbali. Alifumba macho akaiona damu yake kama ziwa la Chileshe wakati wa ukungu, tulivu juu, na chini yake kivuli kinachotembea taratibu, hakina jina, hakina haraka. Alifumbua macho, akaona watu wamekwisha kuketi, yeye peke yake amesimama.

Lori la Pweto lilikuwa liondoke Jumatatu saa sita mchana. Likiondoka, Chileshe angekaa huko majuma matatu, na kama kivuli kile kilikuwa kimevuka, angekibeba bila kujua. Jumatatu asubuhi Adalbert aliiacha suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja, akaenda mahali malori yanapopakia. Chileshe alikuwa ameketi juu ya magunia matupu, anakunywa chai.

"Chileshe, twende kwa munganga."

"Uko mugonjwa?"

"Sijue. Ile ya kutojua njo inaniogopesha."

Akamwambia yote, amesimama, akiuvuta utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake. Chileshe aliiweka chai chini.

"Miezi munane," akasema. "Ulinipima kiuno, ulinipima mabega, ulinipima hata kifundo ya mukono. Unajua mwili yangu yote kwa namba. Ya kwako ukaificha."

"Nilikuwa na woga."

"Na leo woga ile iko yangu pia. Merci."

Chileshe alimwaga chai iliyobaki. Kisha akamgeukia dereva. "Paulin! Uende tu. Mi nitafuata na lori ya kesho."

"Kuko nini, mama?"

"Kuko fundi."

Kwenye kituo cha afya cha mtaa walipokelewa na muuguzi mnene mwenye miwani, Mama Delphine. Waliomba waambiwe kila kitu pamoja. Adalbert alisimulia habari ya kidonda na ya yule mama wa Kasapa. Muuguzi aliuliza kondomu ilipasukaje. Adalbert akaeleza.

"Mafuta gani, papa?"

"Ya mashine."

"Mashine ya nini?"

"Ya kushona."

Mama Delphine alivua miwani. "Papa Adalbert, ile haiko zipu! Mafuta inakula mpira. Ya mashine, mawese, vaseline, yote njo moja. Ukiona iko kavu, kuko gel ya maji. Ulipaka moja tu?"

"Zote alipaka," Chileshe akajibu badala yake. "Mi nilizani ni parfum ya bafundi."

Muuguzi alijitahidi asicheke, akashindwa. Chileshe hakucheka.

Walichomwa vidole, wakasubiri kwenye benchi la nje. Dakika ishirini zilipita kama wingu lisilotaka kuondoka. Jua lilikuwa limekausha barabara nyekundu, na mvuke mwembamba ulipanda kutoka ardhini, watu wakapita ndani yake bila miguu. Adalbert alitazama tone la damu lililokauka kwenye kidole chake. Lilikuwa dogo kuliko kichwa cha pini. Alitamani kusema jambo zuri, lakini maneno yote mazuri alikuwa amekwisha kuyatumia katika miezi ile minane.

Waliitwa.

"Sida, ile ukimwi, hapana. Bote babili," akasema Mama Delphine. "Lakini papa, syphilis iko, ile kaswende. Kile kidonda hakikupona, kilijificha. Maman, kwako haionekane, ila inaweza kuchelewa kuonekana. Bote munachomwa sindano leo, na munarudia kupima. Na ule mama wa Kasapa, papa, umutafute umwambie."

"Nitamwambia," akasema Adalbert.

"Leo," akasema Chileshe.

"Leo."

Sindano ile ni nzito, huingia takoni polepole na kuacha mguu kama wa mtu mwingine. Walipotoka, Chileshe alitangulia, akichechemea. Adalbert alifuata hatua kumi nyuma, akichechemea upande uleule. Wanawake waliokuwa wakiuza nyanya waliwatazama, wakaanza kuchekeana.

Chileshe alisimama bila kugeuka.

"Weye! Kuya pembeni yangu. Bantu banazani nimekupiga."

"Na ungenipiga?"

"Bado ninafikiri."

Adalbert akaja. Hakuthubutu kumshika mkono. Wakatembea sambamba ndani ya mvuke, polepole, kwa kuwa mguu haukuwaruhusu kwenda haraka zaidi.