Mwimbaji wa London Aliyeombewa Kakuma

Sikuwa na hamu ya kwenda Kakuma. Nilikuwa na duka la kurekodi kanda mjini Kitale, mgongo ulikuwa unanisumbua, na barabara ile nilishaapa sitaipita tena. Lakini barua ya Deng ilinitoa jasho. Deng alikuwa mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, mwenye kibanda cha muziki kambini, na ndiye aliyeuza kanda zangu kule. Aliandika: "Hii kanda mpya, sauti ya dada imebadilika. Anakohoa. Kanisani tumeanza kumwombea. Tuambie anagonjwa nini."

Dada mwenyewe ni mwimbaji wa kikundi kimoja cha London, cha muziki wa soul na dansi, kilichotamba mwanzoni mwa miaka ya tisini. Na ile kanda mpya niliitengeneza mimi. Nilikuwa naenda kusema hivyo kwa kinywa changu, maana kwenye karatasi nilijaribu mara tatu nikashindwa.

Alfajiri ya Ijumaa, Kitale. Nilipata nafasi kwenye lori la mahindi, mbele, kando ya dereva aitwaye Simiyu. Baada ya Kapenguria akataka nimsimulie chochote, asije akasinzia. Nikamsimulia habari za kikundi. Walianza wanne: ndugu wawili wa kinanda na ngoma, mpiga gita la besi, na binti waliyemtoa kwenye kwaya ya kanisa. Wazazi wao walihamia Uingereza kutoka visiwa vya Karibiani. Wimbo wa kwanza ulipigwa kila disko, hadi kwenye harusi zetu. Kanda ya pili ikauzika kuliko ya kwanza. Kwenye jalada la kanda ya tatu binti amesimama upande wake na wanaume upande wao, wala hawatazamani. Haukupita muda, gazeti likaandika kwa mistari mitatu kwamba ameondoka. Wanaume wakamjaribu mwimbaji mwingine, watu hawakumtaka. Kikundi kikafa.

"Sasa kama kilikufa," Simiyu akauliza, "hiyo kanda mpya unayosema ilitoka wapi?"

Nikajifanya nimelala mpaka Kainuk.

Alasiri, Lodwar. Joto lilikuwa limenimaliza. Mama Mturkana mwenye nyumba ya wageni alinipokea kwa salamu yao, "Ejok," kisha akauliza, "Habari ya Kenya?" utadhani nimevuka mpaka. Nikamjibu Kenya hawajambo, nikajitupa kitandani na viatu vyangu. Msafara wa kwenda Kakuma, wenye askari, ulikuwa wa kesho yake, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha wa kujionea aibu.

Mambo yalikuwa hivi. Zile santuri zao ndogo zilikuwa na wimbo upande mmoja, na upande wa pili muziki mtupu bila sauti. Wateja walikuwa wananidai kanda mpya ya kikundi ambacho hakipo tena. Nikamwita Nekesa, aliyekuwa akiimba na bendi ya hoteli nyuma ya stendi. Tukatundika blanketi dirishani katika chumba cha nyuma cha duka, akaimba juu ya ule muziki mtupu maneno aliyoyatunga mwenyewe kwa Kiingereza cha shule. Alikuwa na kikohozi. Nikamwambia ajikaze tumalize kabla umeme haujapotea. Alipomaliza nikampa sahani ya chakula, nikaandika jina la kikundi kwenye jalada. Tangu siku hiyo sikuwa nimemwona.

Jumamosi mchana, Kakuma. Deng alinipokea akicheka, akanikalisha kivulini, akaleta daftari. Humo alikuwa ameandika maisha yote ya kikundi, tangu kwaya ya kanisa, na alikuwa akiwasomea vijana wanaokuja kucheza kwake. Ukurasa mmoja ameuacha wazi.

"Hapa nataka kuandika ugonjwa yake," alisema. "Wewe uko karibu na habari. Niambie."

Nilimwambia tungoje kesho. Uoga tu.

Jumapili asubuhi, kanisani. Kuta za udongo, paa la turubai. Mama Achol, kiongozi wa maombi, akamtaja dada wa London, na watu wakainama. Hapo nikasimama, nikasema yote. Mfasiri akayageuza kwa Kidinka taratibu, na kila neno likarudi kunipiga upya. Nilingoja kuzomewa.

Mama Achol akauliza, "Huyu anaimba, si wa London?"

"Hapana, mama. Ni wa Kitale."

"Lakini kukohoa, anakohoa kweli?"

"Kweli."

"Alipona?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

 Hakungoja nijitetee, akauliza, "Jina yake nani?" Nikalitaja. Wakainama tena wakaendelea kuomba, safari hii kwa jina la Nekesa, wala hawakufupisha.

Deng hakunisamehe upesi hivyo. Alinirudishia kanda zangu kwenye katoni. "Beba," alisema. "Mimi nilifundisha watoto uongo." Niliibeba. Alikuwa na haki.

Jumatatu na Jumanne, barabarani. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, na mgongo sikuusikia tena, nilikuwa nimechoka hata kuumwa. Kitu kimoja nilijifunza, nacho kinaniuma kukiandika: nilijua nani alimwacha nani kule London, lakini aliyekohoa nyuma ya duka langu sikujua hata analala mtaa gani.

Jioni, Kitale. Sikufungua duka. Nilikwenda moja kwa moja hotelini, nikaelekezwa jikoni. Nekesa alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya viazi, amekonda. Kuimba aliacha, alisema, kifua hakikumruhusu.

"Kinaendeleaje sasa?" nikauliza, kwa kuchelewa miezi mingi.

"Kinanikamata usiku. Mchana afadhali. Umekuja kunirekodi tena?"

"La. Nimetoka Kakuma. Kuna kanisa kule wanakuombea."

"Mimi?" Kisu kikasimama kwenye kiazi. "Wananiombea kwa jina gani?"

"Lako. Nekesa."

Akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye leso.

"Hebu nitajie," akasema, "vile wanavyolitaja wao."